Kusafiri Mbali kwa Ndege ya Viti Viwili ya Kujiundia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu ndege ndogo za watu wawili ambazo mmiliki ameziunda mwenyewe, au amezinunua kwa aliyeziunda, na ambazo anataka kuzitumia kwa safari za mamia au maelfu ya kilomita badala ya kuzunguka juu ya mji wake kila mwisho wa wiki. Mifano mingi ni ya Marekani, ambako desturi hii imeenea sana, na hasa ya ndege za RV za kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, ambazo zaidi ya 11,000 zimekwisha kuundwa na kuruka. Vipimo vimetolewa kwa lita, kilo na kilomita, isipokuwa mwinuko wa kuruka, ambao marubani wa sehemu nyingi duniani huusoma kwa futi.

Ndege hizi ni za namna gani, na sheria inazitazamaje?

Ni ndege ambazo sehemu kubwa ya kazi ya kuziunda, yaani zaidi ya nusu, imefanywa na watu wasiofanya biashara ya ndege, kwa nia ya kujifunza na kujiburudisha. Wapo wanaoanza na michoro na karatasi za alumini. Wengi siku hizi hununua seti ya vipande vilivyokatwa na kutobolewa kiwandani, kisha huviunga kwa riveti katika gereji ya nyumbani kwa miaka kadhaa. Kazi ikiisha, mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA), au mtu aliyekasimiwa kazi hiyo, huikagua ndege na kutoa cheti kinachoiweka katika kundi la ndege za majaribio. Ndani huwekwa kibao cha kumtahadharisha abiria kwamba ndege hiyo haikuundwa kwa kufuata viwango vya ndege za kawaida za kiwandani.

Ikishamaliza kipindi chake cha majaribio, inaweza kubeba abiria, kuruka usiku na hata kuruka mawinguni kwa kutegemea vyombo, mradi iwe na vifaa vinavyotakiwa na rubani awe na sifa za kufanya hivyo. Haiwezi kukodishwa ili kubeba watu au mizigo.

Kuna faida moja ambayo msafiri ataijua thamani yake siku ya kwanza atakapokwama. Sheria inamruhusu mmiliki kuitengeneza ndege yake mwenyewe, na ukaguzi wa kila mwaka pekee ndio unaohitaji saini ya fundi mwenye cheti, cheti ambacho aliyeiunda anaweza kukipata kwa ndege hiyo moja. Pampu ya mafuta ikifa katika mji mdogo wa Nebraska siku ya Jumamosi jioni, mwenye ndege ya kiwandani hungoja fundi. Wewe unatafuta pampu na spana.

Je, kweli ndege ndogo kiasi hiki inaweza kwenda mbali?

Inaweza, na ushahidi upo wa kutosha. Jon Johanson wa Australia aliizunguka dunia mara tatu kwa RV-4 yake, ndege ambayo abiria hukaa nyuma ya rubani. Long-EZ, ambayo Burt Rutan aliisanifu na kuirusha kwa mara ya kwanza mwaka 1979, ilimwezesha kaka yake Dick, mwishoni mwa mwaka huohuo, kukaa hewani zaidi ya saa 33 bila kutua. Mwaka 1997 Dick Rutan na Mike Melvill walizunguka dunia kila mmoja na Long-EZ yake. Hapa Afrika, Sling 2 iliyobuniwa Afrika Kusini nayo ilizunguka dunia mwaka 2009.

Hata hivyo, asikudanganye mtu kwamba orodha hiyo ni kipimo cha safari yako. Watu hao walifunga matangi ya ziada, walijiandaa kwa muda mrefu, na bado mambo yaliwaharibikia. Desemba 2003 Johanson alipita juu ya Ncha ya Kusini, akakutana na upepo mkali wa mbele, akalazimika kutua McMurdo, Antaktika, akiwa hana mafuta ya kumrudisha. Wamarekani na Wanyuzilandi waliokuwa na vituo hapo walikataa kumuuzia. Aliondoka tu kwa sababu rubani wa Uingereza, Polly Vacher, alikuwa na akiba yake ya mafuta hapo na akamwachia.

Kwa safari ya kawaida, nitafika wapi kwa mafuta ya mara moja?

Chukua RV-9A yenye injini ya Lycoming ya nguvu za farasi 160. Matangi yake mawili ya mabawani hubeba lita 136. Ukiiendesha kwa upole itakunywa takriban lita 30 kwa saa na kwenda kama kilomita 280 kwa saa hewa ikiwa imetulia. Hesabu ya haraka inasema saa nne na nusu, zaidi ya kilomita 1,200. Hesabu hiyo isahau.

Sheria ya Marekani inamtaka rubani anayeruka mchana kwa kuona ardhi apange kubakiwa na mafuta ya nusu saa, na usiku dakika 45. Wasafiri wazoefu huweka saa nzima, nami naona hicho ndicho kiwango cha chini kinachostahili kuitwa akiba. Zinabaki saa tatu na nusu, yaani kilomita 980. Sasa weka upepo wa mbele wa kilomita 55 kwa saa, jambo la kawaida kabisa kwa anayeruka kuelekea magharibi katika nyanda za kati za Marekani, na umbali unashuka hadi chini ya kilomita 800. Kwa hiyo hesabu vituo kwa saa, wala si kwa kilomita: saa zako za mafuta hazibadiliki, kilomita hubadilika kila upepo unapogeuka.

Kutoka Aurora, Oregon, hadi Oshkosh, Wisconsin, ni zaidi ya kilomita 2,600. Kwenda, upepo ukiwa mgongoni, ni siku moja ndefu yenye vituo viwili. Kurudi, panga siku mbili.

Tunaweza kubeba nini?

Kidogo kuliko mnavyofikiri, lakini kinatosha ikiwa kila kitu kitapandishwa kwenye mizani. RV-9A ya kawaida, ikiwa tupu, ina uzito wa kilo 476 hivi, na uzito wa juu unaopendekezwa na msanifu ni kilo 794. Tofauti yake ni kilo 318. Matangi yakijaa yanachukua kilo 98. Watu wawili wa kilo 85 kila mmoja wanachukua 170. Zinabaki kilo 50, na sehemu ya mizigo nyuma ya viti ina kikomo cha kilo 45. Nafasi iliyobaki ni ya chupa chache za maji. Aliyefunga redio nyingi, viti vya ngozi na rangi nzito ameshaila nafasi hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, na ndiyo maana ndege mbili za aina moja zinaweza kutofautiana kwa makumi ya kilo.

Uzito wenyewe si tatizo kubwa kama mahali unapowekwa ndani ya ndege. Matangi ya RV yako kwenye ukingo wa mbele wa bawa, mbele ya kitovu cha uzito, kwa hiyo kadiri mafuta yanavyotumika ndivyo ndege inavyozidi kuwa nzito nyuma. Rubani anayekagua mizani ya kuondoka peke yake anaweza kuruka akiwa salama na kutua akiwa nje ya mipaka, na hali hiyo huhisiwa mkononi: usukani unakuwa mwepesi na pua inakwenda juu kwa kuguswa kidogo tu. Fanyeni hesabu mbili, moja ya matangi yaliyojaa na nyingine ya matangi yaliyokaribia kuisha. Vitu vizito, kama mfuko wa zana na oili, vikae karibu kabisa na migongo ya viti, nguo na mahema yaende nyuma.

Mizigo iwe katika mifuko laini. Masanduku magumu hayaingii, na yakiingia hukwaruza.

Ndege mpya iwe imeruka saa ngapi kabla ya safari ndefu?

Kwa kawaida FAA hutaka saa 25 za majaribio katika eneo maalumu ikiwa injini na propela ni za aina iliyoidhinishwa kufanya kazi pamoja, na saa 40 ikiwa si hivyo. Katika kipindi hicho hakuna abiria wa matembezi. Wengi huzimaliza saa hizo kwa kuzunguka tu, na huko ni kupoteza nafasi. Tumia saa hizo kupima matumizi halisi ya mafuta katika kila mwinuko, kuhakikisha kipimo cha mafuta kinasema kweli kwa kujaza lita chache baada ya chache, na kuijaribu ndege ikiwa imepakiwa mifuko ya mchanga hadi uzito wa juu. Kisha fanya safari fupi ya saa mbili, na nyingine ya kulala usiku mmoja. Uvujaji mdogo wa oili na waya uliolegea hujitokeza mapema, na ni afadhali ujitokeze ukiwa karibu na gereji yako.

Ni kitu gani huvuruga safari nyingi zaidi?

Hali ya hewa ikikutana na ahadi. Ndege hizi hazina vifaa vya kuondoa barafu, hazina uwezo wa kupanda juu ya dhoruba, na marubani wengi wanaozimiliki wana leseni ya kuruka kwa kuona tu. Mambo hayo yote yanavumilika kwa mtu ambaye hana haraka. Hayavumiliki kwa mtu ambaye anatakiwa harusini Jumamosi saa nane mchana au kazini Jumatatu asubuhi, kwa sababu mtu huyo atayaona mawingu yakishuka na kujiambia kwamba mbele huenda kuna nafuu.

Ushauri unaofaa ni mkavu. Safari ya siku mbili itengewe siku nne. Anayekungoja aambiwe mapema kwamba unaweza kuchelewa siku nzima bila kuwa umepatwa na baya. Pesa ya tiketi ya basi au ya ndege ya abiria iwepo katika bajeti, ili kuiacha ndege uwanjani na kuendelea kwa njia nyingine kusionekane kuwa kushindwa. Tarehe ikiwa haiwezi kusogea hata kidogo, basi hiyo si safari ya ndege hii.

Panga kuruka asubuhi. Kiangazi, katika sehemu kubwa ya Marekani, joto la mchana huinua hewa, hewa hujenga mawingu marefu, na kufikia alasiri mawingu hayo huwa ni radi. Anayeondoka jua linapochomoza huwa amekwisha kutua na kula kabla ya msukosuko kuanza.

Jihadhari pia na picha ya mvua kwenye skrini. Ndege nyingi sasa hupokea picha za rada za hali ya hewa hewani, nazo ni msaada mkubwa, lakini picha hiyo imeunganishwa kutoka rada nyingi na inaweza kuwa na umri wa dakika 15 hadi 20 zaidi ya unaoonyeshwa. Mwaka 2012 bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, iliwaonya marubani kuhusu jambo hilo. Itumie kuamua uzunguke upande gani wa dhoruba ukiwa mbali, kamwe usiitumie kupenya katikati ya mawingu mawili ya dhoruba.

Vipi kuhusu milima?

Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Katika uwanja wa Leadville, Colorado, ulio juu kuliko viwanja vyote vya umma vya Amerika Kaskazini kwa mwinuko wa futi 9,934, ndege inayoruka kwa furaha kutoka uwanda wa chini huonekana kama imefungwa kamba, na joto la mchana huizidishia adha. Ondoka asubuhi, matangi yakiwa na kile unachohitaji tu. Upepo wa kileleni ukizidi kilomita 45 hivi kwa saa, ahirisha au zunguka. Mgongo wa mlima uendee kwa mshazari ili, hewa ikianza kukushusha, uweze kugeuka na kuondoka bila kulazimika kupindua ndege nzima.

Zaidi ya futi 12,500, mwinuko ukidumu zaidi ya nusu saa, sheria inamtaka rubani avute oksijeni, na kuanzia futi 14,000 hana budi kuivuta muda wote. Wengi huanza chini zaidi ya hapo, na kichwa kisichouma jioni huwathibitishia kwamba hawakukosea.

Kwa nini watu wanasisitiza sana mfumo wa mafuta?

Kwa sababu ndege iliyoundwa nyumbani ni kazi ya mikono ya mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa aliweka kitu mahali ambapo wewe hungekitafuta. Mfano unaotajwa daima ni wa mwanamuziki John Denver, aliyefariki tarehe 12 Oktoba 1997 kwa ajali ya Long-EZ katika Ghuba ya Monterey, California. Alikuwa ameinunua ndege hiyo muda mfupi kabla, hakuiunda yeye. Katika michoro ya Rutan, vali ya kubadilisha tangi iko mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda ndege hiyo aliiweka nyuma ya bega la kushoto, kwa hiyo ili kuifikia rubani alilazimika kuuzungusha mwili wake kitini. NTSB ilihitimisha kwamba alipokuwa akihangaika na vali hiyo alikanyaga kanyagio la kulia bila kukusudia, ndege ikamponyoka. Mafuta yalikuwa machache na alikuwa amekataa kuongezewa kabla ya kuruka.

Anayenunua ndege ya mtu mwingine, kabla ya kufikiria safari yoyote, akae kitini injini ikiwa imezimwa, ajifunge mikanda, afumbe macho, na aguse kila vali na kila swichi. Kisichofikika bila kujipinda kihamishwe. Angani, badilisha tangi kila nusu saa au kila saa moja kwa saa ya mkononi, na ufanye hivyo ukiwa juu ya mahali unapoweza kutua.

Nibebe zana na vipuri gani?

Plagi mbili, tyubu ya tairi, lita mbili za oili, waya wa kufungia, gundi ya utepe, tochi, spana za ukubwa unaotumika kwenye injini yako, na kamba na vigingi vya kuifunga ndege chini. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika, na ndicho kinachohitajika kuliko vyote: upepo wa usiku mmoja unaweza kuigeuza chali ndege ya kilo 500. Ongeza kifaa cha kunusa kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi wa injini, kwa sababu hita ya chumba cha rubani hupata joto lake kwenye bomba la moshi. Juu ya jangwa au msitu, kitoa ishara cha setilaiti kikae mwilini, mfukoni. Kikiwa ndani ya mkoba na mkoba ukateketea, hakimsaidii mtu.

Je, mwili unavumilia?

Saa tatu ndiyo mipaka ya watu wengi, hata mafuta yakiwepo ya saa nne. Chumba ni chembamba, jua hupenya kioo cha juu, na kelele huchosha bila mtu kujua; vipokea sauti vinavyopunguza kelele vina thamani kuliko skrini ya tatu. Kuhusu choo, ipo mifuko maalumu yenye chembe zinazogandisha mkojo. Mjadiliane kabla ya kuondoka, kwa sababu abiria anayeona aibu kuuliza ataacha kunywa maji, na kufikia mchana kichwa kitakuwa kinamgonga.

Tukitua katika mji mdogo, tutafikaje mjini?

Viwanja vingi vidogo vya Marekani vina gari la zamani linaloazimwa bure kwa marubani wapita njia. Funguo huwa ofisini au kwenye ndoano, na adabu ni kulirudisha likiwa na mafuta mengi kuliko ulivyolikuta. Pampu za ndege nyingi ni za kujihudumia kwa kadi, usiku na mchana, lakini piga simu kabla: pampu iliyoharibika katika uwanja wa pekee ndani ya kilomita 150 ni habari unayotaka kuipata ukiwa bado ardhini.

Kuingia Oshkosh wakati wa maonyesho kukoje?

Mwishoni mwa Julai, ndege zipatazo 10,000 hukusanyika Oshkosh na viwanja jirani kwa maonyesho ya EAA, chama cha wapenzi wa ndege za majaribio. Anayeingia kwa kuona huanzia juu ya mji wa Ripon, hujipanga nyuma ya ndege iliyotangulia kwa umbali wa nusu maili (chini ya kilomita moja), kisha hufuata reli kuelekea kijiji cha Fisk kwa kasi ya noti 90 (kilomita 167 hivi kwa saa) na mwinuko wa futi 1,800. Hapo waongozaji husimama ardhini, hukuita kwa rangi na aina ya ndege yako, na hawataki ujibu redioni: unatikisa mabawa. Kisha unaelekezwa kutua kwenye doa la rangi fulani juu ya njia ambayo ndege nyingine mbili huenda zinaitumia wakati huohuo. Soma tangazo rasmi la mwaka husika ukurasa kwa ukurasa, na fanya mazoezi ya kuruka polepole ukiwa na mizigo. Anayefika amechoka baada ya siku nzima angani atue kwanza uwanja wa jirani, alale.

Ninaweza kuvuka mpaka, au hata kuileta Afrika Mashariki?

Cheti cha ndege ya majaribio hakitimizi viwango vya kimataifa, kwa hiyo kila nchi ina haki ya kukubali au kukataa. Marekani na Kanada zimerahisishiana: rubani hubeba hati ya idhini ya jumla, hutoa mpango wa safari na taarifa za forodha mapema, akaendelea. Kwingineko ni maombi, nchi kwa nchi, na kwa Tanzania na Kenya huelekezwa kwa mamlaka zao za usafiri wa anga, TCAA na KCAA. Vijana wa Afrika Kusini waliounda Sling ya viti vinne na kuirusha kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 2019, wakipitia Zanzibar miongoni mwa vituo vyao, wameonyesha kwamba njia ipo. Tatizo gumu kuliko vibali ni petroli ya ndege: viwanja vingi barani vina mafuta ya ndege za jeti tu, na injini ya Lycoming haiyatumii. Injini inayokubali petroli ya magari hufungua milango mingi zaidi.

Je, ni nafuu kuliko tiketi?

Hapana. Ukijumlisha bima, banda, ukaguzi na injini inayozeeka, tiketi itashinda karibu kila mara kati ya miji mikubwa miwili. Kati ya miji midogo miwili isiyo na ndege za abiria, ambako njia mbadala ni siku mbili za gari, gharama bado itakuwa juu, ila utakuwa umefika kabla ya chakula cha mchana.